Kura ya Mmarekani na Kalamu ya Mchora Mipaka

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, uko mji mdogo uitwao Tuskegee. Hadi mwaka 1957 mji huo ulikuwa na umbo la mraba, pande nne zilizo sawa. Mwaka huo Bunge la Alabama likapitisha sheria ya kubadili mipaka yake. Wachora ramani walipomaliza kazi, ule mraba ulikuwa umegeuka kuwa umbo la ajabu lenye pande 28. Hapana nyumba iliyobomolewa, wala hapana mtu aliyehamishwa kitandani mwake. Lakini wapiga kura weusi wapatao 400, waliolala wakiwa wananchi wa mji, waliamka wakiwa nje ya mji. Wakasalia ndani wanne au watano tu. Na wapiga kura weupe je? Hata mmoja hakutolewa.

Twaanza na habari hii ya zamani kwa sababu yule aliyeielewa Tuskegee ameelewa nusu ya yale yanayotokea katika siasa za Marekani hivi leo. Wengi wetu, tunaposikia kwamba haki ya mtu imeporwa, hutazama kama kuna rungu au bunduki. Marekani yatufundisha kutazama kalamu. Torati ilimlaani mtu asogezaye jiwe la mpaka wa jirani yake, kwa kuwa watu wa kale walijua kwamba wizi wa namna hiyo hufanywa usiku, bila kelele, na asubuhi shamba huonekana kama lilivyokuwa, ila limepungua.

KALAMU BAADA YA RUNGU

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha Marekani mwaka 1865, watumwa waliachwa huru. Na mwaka 1870 Rekebisho la 15 la Katiba likatamka kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Kwa miaka michache wanaume weusi wa Kusini walipiga kura, wakachaguliwa, wakakaa katika mabunge. Kisha, baada ya ule uchaguzi wenye ugomvi wa mwaka 1876, askari wa serikali kuu waliondolewa Kusini, na wenye nguvu wa zamani wakarudi.

Walirudi kwanza kwa rungu, lakini rungu lina aibu yake mbele ya dunia. Hivyo mwaka 1890 jimbo la Mississippi likaandika katiba mpya. Katika masharti yake ya kura katiba hiyo haikumtaja mtu mweusi hata mara moja. Ilisema tu kwamba mpiga kura alipe kodi ya dola mbili kwa mwaka, na kwamba aweze kusoma kifungu cha Katiba, au akisomewa aweze kukifahamu na kukieleza. Na nani atakayeamua kama amekieleza sawasawa? Karani wa uandikishaji. Mzungu asiyejua kusoma akijibu maneno mawili alipita. Mwalimu mweusi mwenye shahada akijibu kwa ufasaha aliambiwa ameshindwa.

Majimbo mengine yakafuata njia hiyo hiyo. Louisiana, mwaka 1898, iliongeza hila nyingine: mtu ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kura kabla ya tarehe 1 Januari 1867 alisamehewa mtihani. Sasa, ni babu gani wa mtu mweusi wa Kusini aliyekuwa na haki ya kura kabla ya siku hiyo? Mwaka 1896 Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 katika daftari. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na ndilo lililotumika kupoteza mali.

Wazee wetu wa Tanganyika hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 sharti la elimu, la kipato au la cheo liliwaacha nje wananchi walio wengi, na yule aliyebahatika kuandikishwa alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa pamoja, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake iliharibika. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulibishana vikali kabla ya kukubali kuingia katika uchaguzi wa namna hiyo ili kuushinda kutoka ndani. Basi tunapoyasoma ya Mississippi hatusomi hadithi za mbali.

WALIOVUKA DARAJA

Watu wa Tuskegee hawakukaa kimya. Mwalimu wa chuo cha mji huo, Charles Gomillion, aliongoza wenzake mahakamani. Na kwa muda wote huo watu weusi walisusia maduka ya Wazungu wa mjini. Tarehe 14 Novemba 1960, siku sita baada ya John Kennedy kuchaguliwa kuwa Rais, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga hukumu hiyo, kwamba Katiba hairuhusu kuwatoa watu katika haki ya kura kwa kisingizio cha kuchora ramani. Mji ukarudishiwa mraba wake.

Lakini mji mmoja si Kusini nzima. Katika wilaya ya Selma, katika jimbo lile lile la Alabama, watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, na waliokubaliwa katika daftari walikuwa kama wawili katika kila mia. Tarehe 7 Machi 1965 watu wapatao 600 walianza kuandamana kwa miguu kutoka Selma. Walipofika upande wa pili wa daraja la Edmund Pettus walipokelewa na askari wenye virungu, farasi na mabomu ya machozi. Kijana John Lewis, aliyekuwa mstari wa mbele, alipasuliwa kichwa. Picha zilionyeshwa katika televisheni usiku ule ule, na taifa likaona haya. Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Nguvu ya sheria hiyo ilikuwa katika kifungu kimoja cha busara. Ilisema kwamba majimbo na wilaya zenye historia ya kuwanyima watu kura zisibadilishe kanuni yoyote ya uchaguzi, wala mpaka, wala kituo, mpaka zipate kwanza kibali cha serikali kuu au cha mahakama ya Washington. Yaani mwizi aliyejulikana hakusubiriwa aibe ndipo ashtakiwe. Alitakiwa aonyeshe mikono yake kabla ya kuingia ghalani. Matunda yalionekana upesi. Katika Mississippi, watu weusi walioandikishwa kabla ya sheria hawakufika saba katika kila mia ya waliostahili. Mwaka 1967 walikuwa wamekaribia 60.

Mabadiliko hayo yalivigeuza na vyama vyenyewe. Chama cha Republican kilikuwa chama cha Abraham Lincoln, na watu weusi walikipenda. Chama cha Democratic ndicho kilichoitawala Kusini kwa ubaguzi. Mwaka 1964 mambo yalipinduka. Barry Goldwater wa Republican, aliyeipinga Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo, alishindwa vibaya na Johnson katika nchi nzima, akapata jimbo lake la Arizona na majimbo matano ya Kusini yaliyokuwa ngome ya Democratic. Tangu hapo Wazungu wa Kusini walihamia Republican polepole, na watu weusi wakashikamana na Democratic. Asiyelijua geuko hilo hawezi kuisoma ramani ya uchaguzi ya Marekani ya leo.

UFA WAFUNGULIWA

Mwaka 2008 Barack Obama, mwana wa Mkenya kutoka Nyanza, alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Nchini Kenya Rais Mwai Kibaki aliitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko, na Afrika Mashariki yote ilisherehekea. Wengi walidhani kwamba ule mlango wa zamani umefungwa na ufunguo umetupwa baharini.

Haikuchukua hata miaka mitano. Tarehe 25 Juni 2013, katika shauri la wilaya ya Shelby ya Alabama, Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikifuta kipimo kilichotumika kuyataja majimbo yapaswayo kuomba kibali. Majaji walio wengi walisema kwamba kipimo hicho kilitegemea hali ya miaka arobaini iliyopita, na kwamba Kusini imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga. Alifananisha jambo hilo na mtu anayetupa mwavuli wake mvua ikinyesha, kwa sababu tu haoni kuwa analowa.

Siku ile ile viongozi wa Texas walitangaza kwamba sheria yao ya kitambulisho chenye picha itaanza kutumika. Sheria hiyo ilikubali leseni ya kubeba bastola, ikakataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo. North Carolina nayo ilipitisha sheria ndefu iliyopunguza siku za kupiga kura mapema na kufuta njia ambazo watu weusi walizitumia zaidi. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliitengua, ikisema kwamba vifungu vyake viliwalenga watu weusi kwa uangalifu unaokaribia ule wa daktari wa kupasua.

Yatupasa tuwe waadilifu. Kumdai mpiga kura kitambulisho si dhambi. Sisi wenyewe Tanzania tuna kadi ya mpiga kura na hatuoni ajabu. Wanaozitetea sheria hizo wanasema kwamba uchaguzi usiolindwa hauaminiki, na neno hilo ni la kweli. Lakini kwetu mwandikishaji hukifuata kijiji. Marekani, katika majimbo mengi, ni mwananchi anayemtafuta mwandikishaji, na kila karatasi inayoongezwa humwelemea zaidi maskini, mzee asiye na gari, na kibarua asiyepewa ruhusa siku ya Jumanne. Kwa maana uchaguzi wa Marekani hufanywa Jumanne, kwa sheria ya mwaka 1845, wakati mkulima alipohitaji siku nzima kusafiri na gari la farasi baada ya ibada ya Jumapili. Mkulima yule amekwisha kufa. Jumanne yake ingali hai.

Na tuseme pia lililo jema: vizuizi hivyo havikuwavunja watu moyo kabisa. Mwaka 2020, katikati ya maradhi ya korona, kama theluthi mbili ya waliostahili walipiga kura, kiasi ambacho hakikupata kuonekana tangu mwaka 1900.

MJUSI WA GAVANA GERRY

Turudi kwenye mipaka. Mwaka 1812 Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts aliidhinisha wilaya ya uchaguzi iliyopindapinda hata magazeti yakaichora kama mnyama mfano wa mjusi mwenye mabawa, yakampa jina la Gavana. Tangu hapo hila hiyo imekuwa mali ya vyama vyote viwili. Namna yake ni nyepesi. Wafuasi wa mpinzani hurundikwa katika wilaya moja ili washinde huko kwa kura nyingi zisizo na faida, au hutawanywa katika wilaya nyingi ili wasiwe wengi popote. Zamani mchoraji alikisia kwa penseli. Leo mashine za kompyuta humpa hesabu za mtaa kwa mtaa, na mstari huweza kupita kati ya nyumba na nyumba.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za serikali kuu hazina mamlaka ya kuamua ugomvi wa mipaka iliyochorwa kwa faida ya chama. Kwa kawaida majimbo huchora upya mara moja katika miaka kumi, baada ya kuhesabu watu. Lakini mwaka 2025, kwa kuhimizwa na Rais Donald Trump, Texas ilichora ramani mpya katikati ya kipindi, kwa nia iliyotajwa waziwazi ya kukiongezea chama cha Republican viti vitano. California, inayotawaliwa na Democratic, haikusubiri. Mwezi Novemba mwaka huo huo wapiga kura wake waliidhinisha ramani ya kulipiza kisasi. Kila upande ulisema kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na nyasi hapa ni yule mpiga kura aliyejikuta katika wilaya asiyoifahamu, pamoja na mbunge asiyemhitaji.

Matokeo yake ni mabaya kuliko hesabu ya viti. Baraza la Wawakilishi lina viti 435. Viti vilivyo vingi mshindi wake hujulikana kabla ya kampeni, kwa hiyo uchaguzi wenyewe huhamia katika kura za maoni za chama, ambazo huhudhuriwa na wachache walio wakali. Mbunge hamwogopi tena mpinzani wake wa chama kingine; amwogopa mwanachama mwenzake anayeweza kumshtaki kwa kulegea. Akisikilizana na upande wa pili amejichimbia kaburi. Watu hushangaa kwa nini Wamarekani hawapatani bungeni. Waitazame ramani.

Hata kiti cha Rais kina mipaka yake. Mmarekani hamchagui Rais moja kwa moja. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kuchagua, jumla yao ni 538, na mshindi ahitaji 270. Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wote. Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina wajumbe watatu. California, yenye watu karibu milioni 40, ina wajumbe 54. Kwa utaratibu huo George W. Bush alikuwa Rais mwaka 2000 kwa tofauti ya kura 537 za Florida, ingawa Al Gore aliongoza nchini. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump karibu kura milioni tatu, akashindwa. Mwaka 2024 Trump aliongoza kote kuwili, kwa wajumbe 312 na kwa kura za wananchi.

Tena kuna fedha. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilifungua mlango kwa makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo katika kuwatetea au kuwapinga wagombea, maadamu hawazikabidhi mikononi mwa mgombea mwenyewe. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 tajiri mmoja, Elon Musk, alitumia zaidi ya dola milioni 250. Mfanyakazi wa Detroit ana kura moja, na tajiri ana kura moja. Lakini mmoja wao huinunua sauti ya kumfikia kila mtu.

ANAYEHESABU

Tarehe 5 Januari 2021 Georgia ilimchagua Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa lile lile alilohudumia Martin Luther King mjini Atlanta, kuwa seneta wake wa kwanza mweusi. Kesho yake umati wa watu waliomfuata Trump ulivunja milango ya jengo la Bunge mjini Washington ili kuzuia kuthibitishwa kwa ushindi wa Joe Biden. Siku mbili hizo, moja karibu na nyingine, zaieleza Marekani kuliko vitabu vingi.

Siku chache kabla yake, tarehe 2 Januari, Trump alikuwa amempigia simu Katibu wa Jimbo la Georgia, Brad Raffensperger, akimtaka atafute kura 11,780, moja zaidi ya zile alizoshindwa. Raffensperger ni mtu wa Republican, na alikuwa amempigia kura Trump. Alikataa. Kura zilikuwa zimehesabiwa, zikarudiwa kwa mkono, na mshindi alikuwa yule yule. Mashauri kama 60 yaliyofunguliwa kuupinga uchaguzi ule karibu yote yalishindwa, na baadhi ya majaji walioyatupa waliteuliwa na Trump mwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Bunge lilirudi katika jengo lenye vioo vilivyovunjika, likamaliza kuhesabu. Mwaka 2022 sheria ya kuhesabu kura za wajumbe ilikazwa. Na tarehe 20 Januari 2025, siku aliyorudi madarakani, Trump aliwasamehe watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa fujo zile.

Twasema nini basi? Hatusemi kwamba demokrasia ya Marekani imekufa, maana maiti haigombaniwi hivyo. Wala hatusemi kwamba ni kioo cha kujitazamia, kama tulivyozoea kuambiwa na walimu waliotoka ng'ambo. Tunasema kwamba kule, kama popote, haki ya kura haikuwahi kuwa zawadi iliyotolewa mara moja. Ilipatikana mwaka 1870, ikaporwa kwa kalamu. Ikapatikana tena mwaka 1965 kwa damu ya daraja la Selma, na kalamu ikaanza tena mwaka 2013. Aliyeilinda si Katiba peke yake, kwa kuwa Katiba ilikuwa ile ile Louisiana ilipobakiwa na wapiga kura weusi 1,342. Waliilinda mwalimu Gomillion, kijana Lewis, na mwenye daftari aliyekataa kuongeza kura ambazo hazikupigwa, japo chama chake ndicho kingefaidika.

Nasi tulio katika vyama, tuliopewa dhamana ya kuongoza, tusijidhanie kuwa hatuna kishawishi hicho. Mchora ramani wa Alabama, wa Texas na wa California wote waliamini kwamba chama chao ndicho chenye haki. Kila ashikaye kalamu ya mipaka na ufunguo wa sanduku huamini hivyo. Chama kinachopendwa na watu hakina haja ya mji wenye pande 28. Na chama kinachouhitaji mji wa namna hiyo kimekwisha kujitolea ushahidi dhidi yake chenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wamarekani waliuona ufa wao mwaka 2013, wengine wakasema ni mdogo, wengine wakasema haupo, na wengine waliupanua makusudi. Sasa wamo katika kuujenga ukuta, na matofali ni ghali.